Ada ya Kushuka Chini ya Bahari

Benchi la pale pembeni, kati ya duka la rangi na karakana ya mafriji, lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umelainishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Mbele yake Mama Birika alipanga jiko lake la mkaa, birika lililompa jina na ndoo ya kuoshea vikombe, na kila alasiri aliwauzia kahawa wanaume walewale, ambao walibishana mpaka birika likauke. Kwa kawaida aliwasikiliza kwa sikio moja, kama mtu anavyosikiliza mvua. Siku hiyo aliwahitaji. Mfukoni mwa aproni alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na ujumbe wa binti yake: ofisi inafungwa jioni, ada zilipwe leo, la sivyo nafasi anapewa mtu mwingine. "Ukisema ndiyo, mama, nalipa. Ukisema hapana, siendi, na sitanuna." Mama Birika alikuwa ameusoma akipepea mkaa, akausoma tena akiosha vikombe, na kila alipousoma ulikuwa unasema vilevile.

Binti huyo alikuwa na kazi ambayo majirani walikuwa wamechoka kuelezwa. Alizamia ndani ya matangi makubwa ya maji ya mji, yale ya zege, mtungi wa hewa mgongoni, akikagua nyufa na kutoa tope lililolala chini. Mama yake aliizoea kazi hiyo kwa sababu moja tu: tangi lina kuta. Ukiulizwa mtoto yuko wapi, yuko ndani ya tangi, basi. Sasa chama cha wazamiaji wa kazini kilikuwa kimechezesha bahati nasibu na jina lake likatoka: safari ya ng'ambo, kuzamia baharini kwenye matumbawe, kwa raha, bila tope wala msimamizi. Tiketi na kitanda vimelipwa. Ada na vibali kila mtu ajilipie. Baba yake, mlinzi wa usiku, aliambiwa habari hizo mchana akiwa amejifunika shuka. Akasema, "Muulize mama yako," akageukia ukutani. Na mama, ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yaliyompita magoti, hakutaka kusema hapana. Alitaka ada ziseme.

Benchini walikuwa watatu. Muhuri alikuwa karani wa vibali enzi zake, na mpaka leo hakuamini kuwa jua limechomoza kama halikugongewa muhuri mahali. Kimataifa, dereva wa lori, aliwahi kuvuka mpaka mara moja, kizuizi kikafungwa, akalala upande wa pili; tangu asubuhi ile hakuna jambo la nchi za nje lililomshinda. Na Gesi ndiye aliyekuwa mwenye karakana ya mafriji: alitoka nje na spana mkononi kila kahawa ilipomiminwa, na spana yenyewe ilikuwa haijagusa nati tangu asubuhi. Muhuri na Kimataifa walikuwa wakicheza dama ya vizibo vya soda, vya mmoja vikiwa chali na vya mwenzake kifudifudi.

Mama Birika: Nina swali la hesabu.

Gesi: Hesabu mpe Muhuri, shemeji. Mimi nina friji la watu humo ndani.

Kimataifa: Friji la watu liliingia humo mwenye nalo akiwa kapera. Sasa ana wajukuu.

Gesi: Friji si uji, bwana. Haliivi kwa kukorogwa.

Mama Birika: Mwanangu ameitwa ng'ambo kupiga mbizi baharini. Tiketi wanalipa wao, kulala wanalipa wao. Ada na vibali ni juu yake. Anasubiri jibu langu, na ofisi inafungwa jioni hii. Nataka nijue kama ni mzigo unaobebeka.

Kimataifa alikuwa ameinua kizibo ili amle Muhuri. Akakisahau hewani.

Muhuri: Kupiga mbizi. Kwa kazi?

Mama Birika: Kwa raha.

Muhuri: Na atatozwa?

Mama Birika: Atatozwa kuingia, atatozwa kushuka, na kesho yake atatozwa tena.

Muhuri alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari za ndugu zake waliofanikiwa.

Muhuri: Kuna watu wanajua kazi duniani. Maji yamekaa tu, hayana mlango, hayana dirisha, na bado wamepata pa kuweka karani.

Kimataifa: Kwa wenzetu ndivyo. Mimi nilipokuwa nje...

Gesi: Ulipolala kwenye kizuizi.

Kimataifa: Nilipokuwa nje, nililipia choo nikapewa risiti. Sasa mtu anayekupa risiti ya choo, bahari atakuachia bure?

Hapo hakuna aliyebisha. Muhuri alipitisha kiganja juu ya ubao wa dama, akavikusanya vizibo vyote pamoja, vyake na visivyo vyake.

Kimataifa: Subiri wewe! Nilikuwa nakula viwili na kuingia kingi!

Muhuri: Hii ni shughuli ya kiserikali. Kila ada, kizibo kimoja. Ikigongwa kwenye ubao imepita, na iliyopita haiondolewi. Haya, Mama Birika, taja.

Mama Birika alizijua ada zote kwa kichwa, kama anavyowajua wateja wanaokunywa bila sukari, lakini alijifanya anazikumbuka kwa shida.

Mama Birika: Kuna... viza.

Muhuri aligonga kizibo. Pa!

Kimataifa: Hapo mimi sijaelewa. Wazamiaji ninaowajua walijificha kwenye meli katikati ya magunia, wakashukia huko ng'ambo na njaa zao. Mzamiaji gani anaomba viza? Huyo anawaharibia wenzake fani.

Mama Birika: Mwanangu si wa kujificha kwenye magunia, Kimataifa. Ana pasi yake ya kusafiria, ina picha, ametoka vizuri.

Muhuri: Endelea, Mama Birika. Asiye na hoja anywe kahawa.

Mama Birika: Kuna kibali cha kuingia hifadhini. Bahari yenyewe ni hifadhi, kama mbuga, unalipa kwa siku. Halafu kuna kibali cha kuzamia, hicho ni mbali.

Gesi: Mbali kivipi? Amelipa kuingia, ameingia. Si yumo?

Mama Birika: Akikaa juu ya mashua, bei moja. Akishuka chini, bei nyingine.

Gesi: Na akianguka kwa bahati mbaya?

Muhuri: Analipishwa akiwa hukohuko ndani ya maji. Pembeni ya mashua amekaa ofisa na kitabu. Unateleza, anaandika. Huwezi kumwambia ofisa kwamba ulikuwa safarini kwenda juu.

Pa, pa. Vizibo viwili.

Mama Birika: Cheti cha daktari. Masikio na mapafu.

Kimataifa: Masikio yote mawili?

Mama Birika: Wewe ulitaka aache moja nyumbani?

Muhuri: Swali lake ni la msingi. Kila sikio linaingia majini kivyake. Viandikwe vyeti viwili.

Pa, pa. Mapafu yakasahaulika, na Mama Birika hakuwakumbusha, kwa kuwa vizibo vilikuwa vinakwenda vizuri.

Mama Birika: Bima ya wazamiaji. Halafu vifaa: miwani, mapezi ya miguuni, vesti, nguo ya mpira. Akibeba vyake, ndege inamtoza uzito. Akiviacha, anakodi huko.

Gesi: Kwa hiyo anatozwa kwa kuwa navyo, na anatozwa kwa kutokuwa navyo.

Muhuri: Hiyo ndiyo ada sasa. Nimefanya kazi miaka yote ile sikuwahi kuona ada nzuri kama hiyo. Haina pa kutokea.

Mama Birika: Na kodi ya mgeni. Kitanda kimelipwa, lakini kila usiku anaolala kuna kodi ndogo, taslimu, pale mapokezi.

Kimataifa: Kodi ya kulala! Na asipopata usingizi?

Muhuri: Anadai arudishiwe. Ila alete mashahidi waliomwona macho yakiwa wazi usiku kucha, na wao pia wawe wamelipa.

Ubao ulianza kujaa. Mama Birika alimimina kahawa bila kumwaga hata tone, na moyoni akahisi nafuu ambayo haikumfurahisha. Vizibo vilikuwa vinamfanyia kazi. Vikizidi kidogo tu, angempigia simu mtoto na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wamekaa watu wazima, wamehesabu, wameona haiwezekani. Mtoto angeelewa. Hesabu haina uchungu, haimpendi mtu wala haimchukii.

Hapo alifika mpita njia mmoja, mwanamume mwenye godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, amelibeba begani kama gogo. Aliwasalimu, akaagiza kahawa, akaona benchi limejaa vizibo kuliko watu. Akalitua godoro lake chini, akalikalia. Hakuna aliyemsogezea nafasi, maana Gesi alikuwa ameanza kusema.

Gesi: Jamani, mmesahau hewa.

Mama Birika: Hewa imo kwenye bei ya mashua, shemeji. Mitungi wanaijaza wao.

Gesi: Wanaijaza hewa ya nani? Mimi ni mtu wa gesi, msinifundishe. Hewa ile ni mali ya nchi ile. Anaivuta kifuani, anapanda ndege nayo, anakuja kuitoa hapa kwetu. Huko si kusafirisha mali nje?

Muhuri: Kibali cha kusafirisha hewa.

Pa!

Gesi: Na mapovu. Ukipumua chini ya maji, mapovu yanapanda juu, na juu kuna mtu anayahesabu. Povu dogo na bei yake, povu kubwa na bei yake. Mwenye woga anapumua harakaharaka, bili inamlalia. Mnafikiri matajiri wa kule kwa nini wanapumua taratibu vile? Heshima? Wanabana matumizi.

Kimataifa: Hayo ya mapovu sina uhakika nayo. Nitakachowaambia mimi ni cha mipaka. Kule chini kuna mipaka. Juu ya maji uko nchi hii, ukishuka kidogo uko nchi ya pili, ukishuka tena unaingia nchi ambayo hata lugha yake hujui. Kila unapoongeza kina, forodha.

Muhuri: Kizuizi kinakuwaje majini?

Kimataifa: Cha kamba. Unakipita kwa viwiko.

Gesi: Ulikiona?

Kimataifa: Dereva mwenzangu alinionyesha upande kilipo.

Gesi: Kutokea kwenye lori.

Kimataifa: Kutokea kwenye lori, ndiyo. Kulikuwa na giza, lakini mkono wake niliuona.

Muhuri hakutaka kuachwa nyuma na dereva wa lori. Alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini, akajifuta midomo kwa leso kama zamani alipokuwa anafungua dirisha la ofisi.

Muhuri: Nyote mnahangaika na kushuka. Kushuka hata jiwe linashuka, na halina karatasi. Kupanda juu ndiko kunakohitaji kibali. Huwezi kukaa kwenye bahari ya watu ukajiamulia tu kutoka. Chini kule pana ofisi. Karani amekaa, mtungi mgongoni, na wino wake hauloi. Unapanga foleni, unagongewa, ndipo unapanda.

Mama Birika: Na ukimkuta karani ametoka?

Muhuri: Unasubiri.

Alilisema kwa fahari ya kazi, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kuliko yote ofisini. Wenzake wakacheka. Mama Birika naye alifungua mdomo acheke, lakini birika likainama kuliko alivyotaka na kahawa ikamwagika kwenye mkaa, ikafuka moshi mweupe uliowafanya wote wageuze nyuso. Alisema mkaa umekuwa mkali. Akainama, akajishughulisha na jiko kwa muda mrefu kuliko jiko lilivyohitaji.

Alipoinuka, vizibo vilikuwa vimekwisha. Kibali cha kupanda juu kimegongwa, na ubao haukuwa tena na mahali pa kuweka hata kidole.

Muhuri: Kikao kimefikia mwisho. Jumla haisomeki. Kwa pesa hizo bora ainunue bahari, awe anatoza yeye.

Mama Birika: Kwa hiyo ni nyingi.

Muhuri: Nyingi kupita kiasi.

Ndilo neno alilolitaka tangu alipowasha jiko. Akafuta mikono kwenye aproni, akaitoa simu, akaanza kuandika: Mwanangu, ada zimezidi. Hapo kidole kikasimama. Mtoto angeuliza ni ada ipi iliyozidi, maana si mtu wa kukubali jumla bila kuona vilivyojumlishwa. Alilelewa na muuza kahawa. Na mama yake angemjibu nini? Ushuru wa mapovu? Sikio la pili?

Wakati huo benchi lilikuwa limeshageuka. Wanaume wale walikuwa na tabia moja: wakishakubaliana jambo, wanaanza kuona haya, kama waliofumaniwa. Na Kimataifa alikuwa anavihitaji vizibo vyake.

Kimataifa: Lakini tufikiri vizuri. Asipokwenda, nani atakuja kutuambia kama kizuizi kipo au hakipo?

Gesi: Kweli. Itakuwa mara ya kwanza kijiwe hiki kuwa na mtu aliyefika.

Kimataifa: Mimi nilifika!

Gesi: Mtu aliyefika akiwa macho.

Muhuri: Iliyopita haiondolewi, nilishasema. Lakini inaweza kusamehewa. Samehe sikio moja. Samehe hewa, aitoe kabla ya kupanda ndege.

Kimataifa: Samehe na hii bima. Binti mzima vile, ana nguvu, anashuka matangini kila siku, bima ya nini?

Akakichukua kizibo, akakitia mfukoni mwa shati.

Mama Birika: Kirudishe.

Kimataifa: Mama, tunakupunguzia...

Mama Birika: Kirudishe hapo kilipokuwa! Hiyo siyo ya kusamehewa. Mtu akipanda juu haraka kutoka chini kule, mapovu yanaingia kwenye damu. Si hayo ya Gesi ya kuhesabiwa na mtu, ni mapovu ya kweli. Anawekwa ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa, wanamrudishia mgandamizo wa kule chini, wanaupunguza kidogokidogo mpaka damu itulie. Chumba hicho ukikilipia mwenyewe unauza nyumba. Bima ndiyo inayokilipia, nimeuliza. Na siku ya mwisho hazamii, kwa sababu huwezi kutoka majini ukapanda ndege siku hiyohiyo, lazima ukae nchi kavu kwanza. Usiku huo umo kwenye kitanda chao, nimeuliza. Vifaa hakodi vyote, anabeba miwani yake tu maana inamkaa vizuri usoni, haina uzito wa kutozwa. Kadi yake ya uzamiaji ndiyo inayompa kibali, bila kadi hata uwe na hela hushuki, na kadi anayo. Bakshishi ya watu wa mashua nimeiweka. Na ile kodi ya mapokezi nimeiweka, kila usiku.

Kimataifa alikirudisha kizibo taratibu, kwa vidole viwili, kama anayeweka yai.

Muhuri: Kumbe jumla unayo.

Mama Birika: Ninayo.

Muhuri: Tangu lini?

Mama Birika: Tangu zamani, mzee.

Gesi: Na hela yenyewe, shemeji?

Mama Birika alichukua kikombe kilichokwisha kukauka, akaanza kukifuta.

Mama Birika: Ipo. Anayo yeye yote, nusu yake na nusu niliyomtumia mimi. Nilikuwa naiweka ya jiko kubwa la gesi, niachane na huu mkaa. Lakini jiko linaweza kusubiri, mkaa nimeuzoea.

Kimataifa: Sasa sisi muda wote huu tulikuwa tunahesabu nini?

Mama Birika: Ada ni nyingi.

Muhuri: Ni nyingi, ndiyo. Lakini umeshazipata zote.

Mama Birika: Ni nyingi, nimesema.

Wakaviinamia vizibo. Si kwamba walikuwa wameelewa; walikuwa wameisikia sauti yake, na kila mmoja wao alikuwa na mke. Yule mwenye godoro alikuwa bado anasubiri kahawa yake. Mama Birika aliliinamisha birika mpaka kitako chake kikatazama juu, likatoa nusu kikombe, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa machicha. Akampa, akamwambia asilipe. Mtu yule alikunywa vilevile, na machicha yake, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili.

Mwenye godoro: Samahani, dada. Mimi mpita njia tu, sijui mambo ya majini. Kama wangesema yote ni bure, ungemruhusu?

Muhuri ndiye aliyekurupuka kwanza, kwa mazoea.

Muhuri: Bure ya namna gani? Bure yenye kibali, au bure isiyo na kibali?

Mwenye godoro: Bure tu, mzee.

Muhuri alitafuta kichwani ofisi ambayo swali hilo lingepelekwa, na uso wake ulionyesha kwamba hakuiona. Gesi aliitazama spana yake, akasema ana friji la watu, na safari hii akaingia ndani kweli. Wakasikia mlango wa friji ukifunguliwa. Kimataifa alianza kuvipanga upya vizibo vya dama, lakini hakujua tena vipi ni vyake na vipi ni vya Muhuri, akawa anavipindua chali, anavirudisha kifudifudi, huku akimtazama Mama Birika kwa pembe ya jicho. Wote wawili walikuwa wanamtazama kwa pembe ya jicho. Mwenye godoro hakurudia swali. Alilifunga vizuri kamba godoro lake, akalipandisha begani, akaaga, akaenda zake na kona ikammeza.

Mama Birika alibaki na birika tupu mkononi. Mwezi mzima alikuwa anampigia mtoto huyo simu. Ile ya hifadhi ni kwa siku au kwa wiki? Wanapokea fedha gani? Ukilipa mara mbili wanarudisha? Cheti kinataka picha? Na mtoto alimjibu kila mara, bila kuchoka, mpaka mama mwenyewe akaona aibu kwamba majibu yote ni mazuri. Simu zote hizo, na alikuwa hajamuuliza kitu kingine zaidi ya ada.

Aliliweka birika chini. Akaufuta ule ujumbe ulioishia katikati. Akaliruka dimbwi la maji ya vikombe, akaenda kusimama penye ukuta wa duka la rangi, mahali ambapo Muhuri na Kimataifa wangelazimika kunyanyuka ili wasikie, na alijua kuwa kunyanyuka si kawaida yao. Akapiga. Simu ilipokewa kabla haijaita vizuri.

Binti: Mama? Wanataka kufunga.

Mama Birika: Najua. Kule chini kukoje?

Binti: Kule wapi?

Mama Birika: Chini. Ukishashuka. Unaona nini?

Kwenye simu kulisikika viti vikiburuzwa na mtu akikohoa kikohozi cha ofisini, kile cha kumwambia mteja atoke. Binti alijibu kama mtu aliyejiandaa kwa mtihani mmoja akaletewa mwingine.

Binti: Mama, niko dirishani. Nyuma yangu kuna watu. Nilipe au nisilipe?

Mama Birika: Lipa. Halafu toka hapo, tafuta pa kukaa, usikate simu. Nimekuuliza kule chini unaona nini.